Asidi na besi anazosoma mwanao shuleni ziko jikoni na uani

Mwanafunzi wa kidato cha tatu akifika kwenye mada ya asidi, besi na chumvi, wazazi wengi hujitoa mapema. Daftari limejaa Kiingereza, herufi na namba ndogondogo zilizowekwa chini ya mstari. Mzazi aliyeishia darasa la saba, au aliyesoma masomo ya sanaa, huona hapo hana la kusaidia. Anauliza tu kama kazi ya shule imekwisha, anajibiwa imekwisha, mazungumzo yanaishia hapo.

Ni hasara, kwa sababu katika kemia yote ya sekondari ni vigumu kupata mada iliyo karibu na nyumba kama hii. Na ni hatari pia. Mtoto anaweza kupata alama nzuri kwenye mtihani wa mada hiyo huku nyumbani kuna ndoo ya kostiki imelazwa nyuma ya mlango, na hakuna aliyemwambia kwamba kile alichokichora daftarini ndicho kilichomo kwenye ile ndoo.

Asidi ni jamii ya vitu vichachu: ndimu, ukwaju, siki, mtindi. Kwa Kiswahili cha mitaani huitwa tindikali, jina ambalo limechafuliwa na habari za watu kumwagiwa usoni, kiasi kwamba ukimwambia mtu ndimu ina tindikali anashtuka. Besi ndiyo upande wa pili: magadi, majivu, chokaa. Zile zinazoyeyuka kwenye maji huitwa alkali, na maji yake huteleza vidoleni kama sabuni. Asidi na besi zikikutana kwa kiasi kinacholingana, zinamalizana nguvu. Kinachobaki ni maji na kitu cha tatu ambacho mwalimu anakiita chumvi. Si lazima iwe ya mezani. Ile ya mezani ni moja tu katika ukoo mkubwa, na hupatikana pale asidi ya haidrokloriki inapokutana na kostiki soda: vitu viwili vinavyounguza nyama vinazaa kile kinachotiwa kwenye mchuzi.

Ukali wa vitu hivi hupimwa kwa kipimo cha pH, kilichobuniwa mwaka 1909 na mkemia wa Denmark, Søren Sørensen, aliyekuwa akifanya kazi kwenye maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg. Namba 7 ni katikati, mahali pa maji safi. Kushuka kuelekea 0 ni kuzidi kwa asidi, kupanda kuelekea 14 ni kuzidi kwa alkali. Ni rahisi mwanafunzi kuteleza hapa: kila hatua moja ni mara kumi. Kitu chenye pH 3 hakizidi chenye pH 5 kwa hatua mbili tu, kinakizidi mara 100.

Mzazi anayetaka kumsaidia mwanawe hahitaji maabara. Anahitaji choya, ile inayoitwa pia rozela, inayouzwa sokoni ikiwa imekauka. Ichemshwe kidogo, maji yake mekundu yagawanywe kwenye glasi tatu. Moja iachwe ilivyo. Ya pili ikamuliwe ndimu, nayo itakuwa nyekundu inayowaka zaidi. Ya tatu itiwe maji ya magadi kidogo kidogo, nayo itageuka zambarau, kisha kuelekea kijani. Binzari ya manjano inafanya mchezo wa namna hiyo. Kila mwanamke aliyewahi kufua kitambaa cheupe chenye doa la mchuzi ameliona: doa la njano linagusana na sabuni ya kipande na ghafla linakuwa jekundu kama damu ya mzee. Si kwamba nguo imeharibika. Binzari imetoa taarifa kwamba sabuni ile ni alkali, kama karatasi ya litimasi inavyotoa taarifa shuleni. Ikisuuzwa ikikamuliwa ndimu, unjano unarudi.

Kijana akishaona hivyo mara moja, hasahau tena. Na mzazi amekuwa mwalimu bila kutamka neno hata moja la Kiingereza.

Ndoo iliyolazwa usiku

Sasa uani. Kwa miaka mingi mafunzo ya ujasiriamali, kwenye vikundi vya akina mama na hata makanisani na misikitini, yamewafundisha maelfu ya watu kutengeneza sabuni nyumbani. Ni kazi ya heshima inayolipa ada za shule. Pia ni mada ya asidi, besi na chumvi kutoka mwanzo hadi mwisho.

Sabuni ya maji huanza na salfoniki, kimiminika kizito cha rangi ya kahawia kinachofanana na molasi. Hiyo ni asidi kali. Hukutanishwa na soda ashi, unga mweupe ambao ni besi. Mchanganyiko unatoa mapovu ya hewa, na kinachopatikana, kwa lugha ya darasani, ni chumvi: ndiyo inayoondoa mafuta kwenye sahani. Halafu hutiwa chumvi ya kawaida ili sabuni iwe nzito. Sabuni ya kipande nayo hutokana na kostiki soda na mafuta, iwe ya mawese, ya mise au ya nazi. Kostiki huyavunja mafuta na kuyageuza chumvi inayotoa povu. Mama anayeuza sabuni gengeni anaijua kemia hiyo kwa mikono. Huenda hajui tu kwamba mwanawe anaisoma.

Kostiki ikitiwa kwenye maji hutoa joto kali, ndiyo maana watengenezaji wengi huiloweka na kuilaza usiku mzima ipoe. Usiku huo, na asubuhi inayofuata, ndio wakati mbaya. Maji yale yametulia, hayana rangi wala harufu. Mtoto wa miaka miwili anayeamka na kiu hawezi kuyatofautisha na maji ya kunywa. Hata mtu mzima hawezi.

Hatari nyingine ni chupa. Kemikali hununuliwa kwa jumla kwenye dumu kubwa, kisha hupunguzwa kwenye chupa za maji au za soda kwa sababu ndizo zilizopo. Kwa mtoto, chupa ya soda ni soda. Lebo ya karatasi iliyoandikwa kwa kalamu haimwambii kitu asiyejua kusoma. Hali ni hiyo hiyo kwa maji ya betri ya gari, ambayo ni asidi ya salfuriki, na kwa dawa za kuzibulia mabomba na kusafishia vyoo na vigae.

Watu huiogopa asidi kuliko alkali, huenda kwa sababu ya jina lile la tindikali. Kwa koo la mtoto, woga huo uko upande usio wenyewe. Asidi ikigusa nyama huigandisha, na ule mgando kwa kiasi fulani huizuia isizame. Alkali kali haigandishi, inalainisha. Inafanya kwenye mafuta ya mwili jambo lile lile inalofanya kwenye mafuta ya mawese ndani ya ndoo, yaani inayageuza sabuni, na inaendelea kuzama. Funda moja linaweza kuunguza njia yote ya chakula.

Na maumivu ya siku ile si mwisho. Kidonda cha ndani kinapopona huacha kovu, na kovu hujivuta. Baada ya wiki chache mtoto aliyekuwa anakula ugali anaanza kutaka uji tu, kisha maziwa tu, kisha hata maji yanamrudi. Njia ya chakula imekuwa nyembamba. Matibabu yake ni kurudi hospitali mara kwa mara njia hiyo ipanuliwe kwa vifaa, na baadhi ya watoto huhitaji upasuaji mkubwa.

Kwa nini ndimu si dawa ya kostiki

Hapa ndipo elimu ya darasani, ikishikwa nusu, inapoweza kuumiza. Kijana aliyesoma kwamba asidi na besi humalizana anamwona mdogo wake amekunywa kostiki, anakimbilia ndimu au siki. Kwa hesabu ya daftari yuko sahihi kabisa. Kwa mwili wa mtoto amekosea, na inafaa aambiwe sababu kabla siku hiyo haijafika.

Maabara, asidi hudondoshwa tone kwa tone, ikiwa imezimuliwa kwa maji mengi, ndani ya chupa ya kioo isiyohisi joto. Mwanafunzi anajua kiasi na anajua wakati wa kusimama, kwa sababu rangi inabadilika. Ndani ya koo hakuna aliyepima chochote. Kukutana kwa asidi na besi hutoa joto, na joto hilo linaangukia kwenye nyama ambayo tayari imeungua. Aidha kazi ya kuunguza huanza ndani ya sekunde chache; ndimu inapofika, imechelewa.

Kumtapisha nako ni kosa. Kilichounguza kikishuka kitaunguza tena kikipanda, na kinaweza kuingia mapafuni. Maziwa, ambayo kwetu hutolewa kwa kila sumu, si dawa ya kila sumu. Yakinyweshwa kwa wingi yanaweza kumtapisha mtoto. Mafuta ya kula vivyo hivyo.

Linalofaa ni dogo na linafanyika haraka. Mtoto atolewe kilichobaki mdomoni, asukutue na kutema kama ana umri wa kuweza, avuliwe nguo zilizolowa na ngozi ioshwe kwa maji mengi. Akimbizwe hospitali, na chupa au pakiti ya alichokunywa ichukuliwe, kwa sababu daktari ataanza na swali hilo. Asinyweshwe kitu njiani bila maelekezo ya mhudumu wa afya. Midomo ikionekana mizima, asirudishwe nyumbani kwa kudhani amepona: mdomo unaweza kuwa salama na koo likawa limeungua.

Kwenye jicho kanuni ni maji. Maji safi yanayotiririka, kope zikiwa zimefunuliwa, kichwa kimelazwa upande wa jicho lililoumia ili maji yasiingie kwenye jicho zima, kwa dakika 20 au zaidi, ndipo safari ya hospitali. Dakika 20 ni nyingi mno mtoto anapolia, lakini zinaokoa uwezo wa kuona. Chokaa ya kupakia ukuta husababisha ajali za namna hii hasa kwenye nyumba zinazojengwa, ambako watoto huigeuza unga wa kuchezea. Maziwa ya mama, ndimu wala maji ya sukari hayana kazi jichoni.

Wanaotengeneza sabuni nao wana kanuni zao, na kijana wa kidato cha tatu anaweza kuzieleza vizuri zaidi kuliko mtu yeyote ndani ya nyumba. Kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, kidogo kidogo. Maji hayamiminwi juu ya kostiki. Asidi vivyo hivyo: inatiwa kwenye maji, si maji kwenye asidi, la sivyo inachemka na kumrukia mtu usoni. Sufuria ya aluminiamu isitumike kwa kostiki. Inaliwa, na wakati huo huo inatoa haidrojeni, hewa inayoshika moto. Ndoo ya plastiki ngumu yenye mfuniko unaobana ndiyo ya kazi hiyo, na mahali pa kuilaza ni chumba kinachofungwa kwa ufunguo.

Kisha kuna choo. Dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, ambayo wengi huiita Jik hata ikiwa imetengenezwa na kampuni nyingine, ina haipokloraiti ya sodiamu. Dawa nyingi za kuondoa uchafu sugu kwenye sinki la choo zina asidi ya haidrokloriki. Mtu anayetaka choo king'ae anaweza kufikiri zikichanganywa zitakuwa na nguvu mara mbili. Zikichanganywa hutoa hewa ya klorini, ile ile ambayo jeshi la Ujerumani liliifungulia dhidi ya askari wa upande wa pili karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, Aprili 22, 1915. Kwenye choo kidogo chenye kidirisha cha kiganja, kikohozi na macho kuwasha huanza upesi, na mwenye pumu anaweza kuzidiwa. Dawa ya kupaka? Hakuna. Ni kutoka nje, kuacha mlango wazi, na kutorudi kumalizia kazi. Kifua kikiendelea kubana, ni hospitali.

Tumboni, menoni na kwenye sufuria ya maharage

Mwili nao una asidi yake. Tumbo hutengeneza asidi ya haidrokloriki, na pH humo huwa kati ya 1.5 na 3.5, makali yanayotosha kuua vijidudu vingi vinavyoingia na chakula. Damu, kwa upande mwingine, hukaa kati ya 7.35 na 7.45 na mwili hauruhusu mchezo hapo. Ndiyo maana tangazo la maji au majani "yanayoondoa asidi kwenye damu" linapaswa kumfanya mzazi afunge mkoba wake. Mapafu na figo hufanya kazi hiyo usiku na mchana bila kulipwa.

Asidi ya tumbo ikipanda kooni ndicho kiungulia. Vidonge vya kutafuna vya kiungulia kwa kawaida ni besi dhaifu, kama haidroksidi ya magnesiamu na ya aluminiamu. Huo ni mfano mzuri wa asidi kumalizwa kwa besi ndani ya mwili: besi imechaguliwa ikiwa dhaifu, na dozi imepimwa kiwandani. Kulamba magadi au bikaboneti, ile soda ya unga ya kuokea, hutuliza kwa muda lakini huingiza sodiamu nyingi, jambo lisilomfaa mwenye shinikizo la damu. Kiungulia kinachorudi kila wiki kinataka daktari.

Meno hayana bahati ya tumbo. Ganda la nje la jino huanza kuyeyuka pH ya mdomo ikishuka chini ya takriban 5.5, na kola iko karibu na 2.5. Mtoto anayebembea na chupa moja mchana kutwa, funda hapa funda pale, anayaumiza meno kuliko anayeimaliza mezani pamoja na chakula. Kupiga mswaki papo hapo baada ya soda au ndimu nako si vizuri, kwani ganda limelainika. Asukutue kwa maji, asubiri kama nusu saa.

Magadi kwenye maharage, makande au kisamvu ni habari ndefu zaidi. Yanatoka kwenye maziwa ya Bonde la Ufa, kama Natron huku na Magadi upande wa Kenya, na ni mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti ya sodiamu. Yanalainisha kweli na kuokoa mkaa. Lakini alkali huharibu vitamini B1 na C, na mpishi anayemwaga konzi nzima anawapa watoto majani ya kijani mazuri kwa macho tu. Kuna la zaidi kwa familia za kaskazini. Maji ya baadhi ya maeneo ya Arusha, Manyara na Kilimanjaro yana floraidi nyingi, ndiyo inayowaachia watoto meno ya kahawia yanapoota. Magadi ya ukanda huo pia hubeba floraidi, kwa hiyo sufuria inaongezea juu ya kile kilichomo kwenye kikombe. Kuloweka maharage usiku kucha kunapunguza muda wa kupika, na hakuna chochote kinachoongezwa.

Chumvi za kemia zina heshima yao pia. Pakiti ya ORS anayopewa mtoto anayeharisha imebeba chumvi tatu na sukari. Kwa lita moja ya maji ni kloridi ya sodiamu gramu 2.6, kloridi ya potasiamu gramu 1.5, sitreti ya sodiamu gramu 2.9 na glukosi gramu 13.5. Sitreti ni chumvi inayotokana na asidi ya jamii ya ndimu. Imewekwa kwa sababu mtoto anayeharisha sana hupoteza bikaboneti na damu yake huanza kuelemea upande wa asidi. Sitreti husaidia kuirudisha. Kwa hiyo pakiti ya lita moja ikitiwa kwenye kikombe ili "ifanye kazi haraka", vipimo vyote hivyo vimevurugika. Isomwe imeandikwa maji kiasi gani.

Mzazi akienda kwenye kikao cha shule, maabara iulizwe kama vinavyoulizwa vyoo na madawati. Wanafunzi wana miwani ya kinga, au asidi inapimwa kwa macho matupu? Bomba la maji la maabara linatoa maji siku ya vitendo? Na pipeti inavutwaje? Kuna kipira maalumu cha kuvutia kimiminika, lakini pale ambapo hakipo, wanafunzi wamekuwa wakivuta kwa mdomo, na anayevuta kupita alama anapata kostiki kwenye ulimi. Mwanafunzi mwenyewe anajua jibu. Anaweza kuulizwa leo jioni, akiwa bado na glasi zake tatu za choya mezani.